Mkalimani Husema "Mimi"

Ilianza leo Jumapili, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mama alikuwa anakaanga maandazi kabla ya kanisa, mdogo wangu Neema anatafuta soksi ya pili, na mimi nimekaa sakafuni namfunga mwanangu kamba za viatu. Akanitazama, akanigusa pua, akasema, "Dada."

Si neno lake la kwanza. La kwanza lilikuwa "mama," na alimwambia mama yangu.

Neema akapiga makofi. "Kasema dada! Mama, kasema dada!"

Mama akageuka na mikono ya unga, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nipate mimba. "Eeh, mwenye akili huyu. Haya, dada yuko wapi?"

Mtoto akaninyooshea kidole.

Sidhani kama Mama alimfundisha kwa makusudi. Neema ananiita dada kutwa nzima, naye amesikia. Lakini hakuna aliyemrekebisha, na mimi nilikuwa pale pale sakafuni na mdomo ninao, sikumrekebisha.

Niliwaambia tumbo linauma, wakaenda kanisani bila mimi. Kuna jambo Mama halijui. Ijumaa walinipigia kutoka nyumba ya kuhifadhi akina mama vijana, kule mjini, upande wa Regent Park. Chumba kimepatikana, cha mimi na mtoto. Nifike kesho Jumatatu kabla ya saa sita mchana, nisipofika atapewa mwingine. Nilisema asante, nikakata simu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kuna mtu mmoja tu niliyetaka kumuuliza nifanye nini. Nimetoka kwake sasa hivi, na ndiye nitakayemwandika hapa. Nikiandika habari zangu naona aibu hata kama hakuna anayesoma. Habari zake naweza.

Jina lake sitaliandika. Hakuna aliyelitumia. Katika jengo letu wote walimwita Mwalimu, hata Wasomali wa ghorofa ya tatu, hata mzee wa Kijamaika anayekaa mlangoni, aliyedhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alimwita Misi Mwalimu.

Alivaa koti la kiume la baridi, jeusi, refu mpaka chini ya magoti, na ndani yake kitenge. Koti hilo hakulivua hata ndani ya nyumba. "Baridi ya hapa haina adabu," alisema, "inaingia bila hodi." Yeye mwenyewe alibisha hodi kila mahali. Alibisha hodi kwenye lifti! Milango ikifunguka, kabla hajaweka mguu, alisema, "Hodi humu." Kama kulikuwa na Mswahili ndani alijibu, "Karibu, Mwalimu." Kama hakuna, alijikaribisha mwenyewe akaingia. Watu wa chuo kikuu wanaopanga kwenye jengo letu walimwona ana kasoro. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani lifti yetu, hapa mtaa wa Jane na Finch, inakwama mara kwa mara kwa sababu watu wengine hawabishi hodi.

Jumamosi alitufundisha Kiswahili kwenye chumba cha wakazi, chini kabisa, jirani na mashine za kufulia. Tulisoma ngeli huku nguo za watu zinazunguka ukutani. Sisi watoto wa hapa Ontario tunaelewa Kiswahili, ila mdomo ukifunguka kinatoka Kiingereza. Hilo lilimkera kuliko theluji.

"Nakuuliza kwa Kiswahili, unanijibu kwa Kiingereza. Tutakutana wapi, njiani?"

Mvulana mmoja Mkenya, Kevo, aliingia kila Jumamosi kwa kishindo. "Niaje, Mwalimu!"

"Nije wapi? Mimi niko hapa. Wewe ndiye uliyechelewa."

Kusema kweli, aliyechelewa zaidi ni yeye. Alitufundisha saa ya Kiswahili kwa ukali, saa moja ni saa moja, wala usinihesabie ya Kizungu, lakini yeye mwenyewe hakuifuata ya Kiswahili wala ya Kizungu. Tulimsubiri tumekaa juu ya mashine zenye joto. Alipofika hakuomba radhi. Alitoa karanga mfukoni mwa koti akatugawia, akaanza kuita majina.

Kuita majina ilikuwa ibada. Wavulana waitike "Naam," wasichana "Abee," kama kwao Tanzania. Aliyesema "yeah" alisimama.

"Hiyo 'yeah' ni mlio. Jibu liko wapi?"

Kisha alituambia neno ambalo leo nimekaa nalo siku nzima. "Ukiitwa ukaitika, umekubali kwamba aliyeitwa ni wewe. Kwa hiyo fikiri kabla hujaitika."

Kevo akanyoosha mkono. "Sasa Mwalimu, nikiitwa kuosha vyombo nisiitike?"

"Wewe utaosha hata usipoitwa. Kaa chini."

Neno alilolichukia kuliko yote ni anti. Huku kila mwanamke mzima ni anti. Alisema, "Anti ni mtu wa aina gani? Wa upande gani? Shangazi namjua, ni dada wa baba, ana neno la kusema ukiolewa. Mama mdogo namjua, ni mama, basi tu amezaliwa nyuma. Huyo anti kazi yake nini?" Alitembea kati ya viti, koti linafagia sakafu. "Jina la undugu ni kazi. Ukimwita mtu mjomba, umempa kazi ya mjomba. Ukimwita dada, umempa kazi ya dada, hawezi kufanya nyingine."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliona ni kitu cha kukumbuka kwa ajili ya jaribio.

Siku za kazi alikuwa mkalimani. Aliitwa hospitalini, shuleni, mahakamani, na kwenye kituo kimoja cha msaada wa sheria. Kazi hiyo aliiheshimu kuliko kitu chochote. Alitueleza kwamba mkalimani hasemi "anasema." Mkalimani husema "mimi." Mgonjwa akisema naumwa, mkalimani haruhusiwi kusema huyu anaumwa. Anasema naumwa.

"Siku moja," alituambia, "nilikuwa na mzee wa watu, mzee kabisa, na daktari kijana. Mzee akaeleza shida yake. Nikamgeukia daktari, mimi na kilemba changu, nikamwambia kwa Kiingereza safi: Daktari, mimi tezi dume langu limevimba."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kevo alishuka kwenye kiti kweli.

"Cheka. Daktari naye alicheka. Mzee hakucheka, mimi sikucheka. Mimi ni bomba. Maji yakiwa machafu, kosa si la bomba. Maji yakiwa matamu, sifa si za bomba. Bomba likianza kuongeza maji yake lenyewe, limeshapasuka."

Nilimpenda aliposema hivyo. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani shuleni nikiulizwa swali masikio yanawaka na maneno yanakimbia. Niliona raha kujua kwamba kuna kazi ya kuongea ambayo unachoongea si chako.

Lakini huyu mtu aliyesema hawezi kuongeza hata nukta, nje ya kazi alikuwa muongo wa kupendeza. Ndugu zake wa Tanzania walijua ana gari. Nimemsikia mwenyewe kwenye simu: "Gari lipo nje, ila theluji imelifunika." Mwezi wa saba pia theluji ilikuwa imelifunika. Hana gari. Hajui hata kuendesha. Alipanda basi kama sisi sote, na kadi ya nauli ilimshinda, aliigonga mashine kama anagonga mlango wa mdaiwa.

Na huyo huyo aliyetukataza Kiingereza alikuwa akitazama hoki ya barafuni. Timu ya mji huu ikicheza ungemsikia mpaka kwenye korido anapiga kelele kwa Kiingereza kitupu. Tulipomuuliza, alisema hoki haina Kiswahili, ni mchezo wa watu wanaoteleza kwa makusudi.

Alitufundisha heshima, shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Lakini ndiye aliyekaa na wasichana waliotaka kuondoka kwao, kwenye kile kituo cha sheria, akawasemea "mimi nataka kuondoka." Wazazi wengine hawakumpenda kwa hilo. Mama yangu alikuwa akimtetea. "Yeye ni mdomo tu," alisema. "Kazi ni kazi."

Nilipopata mimba niliacha kwenda Jumamosi. Kila mtu aliniuliza ni ya nani. Baba alinipigia kutoka Morogoro, ambako bado anasubiri viza, akaniuliza ni ya nani, kisha akalia, na nilitamani angenitukana. Ilikuwa ya mvulana wa darasa letu la shuleni. Familia yake ilihamia mji wa Markham, na namba yake ya simu ikahama nayo.

Mwalimu hakuniuliza. Nilikutana naye kwenye lifti, tumbo limeshatoka, nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Unakula?"

Nikatikisa kichwa.

"Nimekuuliza kwa mdomo."

"Sili sana, Mwalimu."

Kesho yake alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akakaa jikoni kwetu na koti lake mpaka nilipoumaliza. Akaja tena, na tena. Neema aliniambia kwamba Jumamosi darasani jina langu bado linaitwa. "Anakuita," alisema, "halafu ananyamaza anakusubiri. Kama vile utaitika kutoka huku juu. Halafu anaendelea."

Mtoto akazaliwa. Mama alimpokea kama alivyotupokea sisi, kwa mikono yote miwili. Alimwogesha, alimkanda, aliamka naye, na bado akaenda kazini kwenye nyumba ya wazee kugeuza watu vitandani. Mimi nikarudi shule. Nilipotoka shule nilimkuta mtoto ameshakula, ameshalala, ananukia mafuta ya mama yangu. Kliniki, Mama ndiye aliyemshika. Kanisani, mama mchungaji alimpongeza Mama kwa kitinda mimba chake, na Mama akasema asante.

Nilikuwa hapo. Nilibeba mfuko wa nepi.

Kwenye simu nilikuwa nimeona habari za watoto wa Marekani wanaokwenda mbele ya jaji, jaji anagonga nyundo, wanatoka wakiwa huru na wazazi wao. Nilifikiri huku pia kuna jaji wa namna hiyo. Nikamfuata Mwalimu penye mashine za kufulia, nikamuuliza jambo hilo kwa Kiswahili linaitwaje.

Alifikiri sana. Alikuwa anakunja shuka, akanipa ncha mbili nimsaidie.

"Kuachwa huru? Hapana, hiyo ni ya watumwa. Mama yako hakukununua." Tukakunja. "Kujitegemea? Hiyo ni nzuri mno, atakupigia makofi." Tukakunja tena. "Kujitoa. Lakini mtu hujitoa kwenye chama. Kwa mama unajitoa vipi?" Akachukua shuka, akaliweka kwenye kapu. "Neno hatuna, binti yangu. Labda kwa sababu hatujawahi kulihitaji. Labda kwa sababu aliyelihitaji hakuruhusiwa kusema."

Alinipeleka kwa mwanasheria wa kile kituo, mwanamke mpole mwenye miwani. Mwanasheria akanieleza kwamba hapa Ontario hakuna jaji wala nyundo. Mtu akishatimiza miaka kumi na sita, kama mimi, anaweza kutoka kwa wazazi, na hakuna cheti cha kumwambia kwamba ametoka. Anatoka tu. Na kuhusu mtoto, mimi ni mama yake kisheria tangu alipozaliwa, hata kama ningekuwa na miaka kumi na tatu. Sihitaji ruhusa ya mtu. "Lakini," akasema, "mambo yakifika mahakamani, watatazama ni nani anayemlea."

Tulipotoka, Mwalimu alisema, "Umesikia? Sheria ya hapa haikufungulii mlango. Inakuambia tu kwamba haujafungwa."

Kabla ya kuamua lolote mwanasheria alitaka tukae na Mama tuzungumze. Mama alikubali kuja. Nadhani alitumaini ataandikiwa karatasi ya kuwa mlezi. Aliomba mkalimani, akasema mambo ya sheria si ya kubahatisha. Akaja Mwalimu.

Chumba kilikuwa kidogo. Mwanasheria upande mmoja, mimi na Mama upande wa pili, na Mwalimu kwenye kona ya meza, katikati yetu, na koti lake. Mama alianza.

"Mimi nageuza wazee vitandani mpaka mgongo wangu unalia. Sikuja nchi hii ili binti yangu awe mama kabla hajamaliza shule. Mtoto nitamlea mimi. Yeye asome. Akimaliza, akiolewa, atazaa wa kwake."

Mwalimu akaligeuza lote kwa Kiingereza. Mimi nageuza wazee. Mimi sikuja nchi hii. Sauti ilikuwa ya bomba, haina rangi. Pale kwenye "atazaa wa kwake" ilishuka kidogo, nikadhani ni mafua.

Mwanasheria akanigeukia mimi. Unataka nini?

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikuwa na mambo mengi. Masikio yakawaka, yakakimbia yote, na yaliyobaki yalikuwa ya Kiingereza. Nikasema, kwa sauti ambayo sijui kama ilifika ng'ambo ya meza, kwamba nataka ajue ni mimi. Basi.

Mwalimu akamgeukia Mama. "Mama, mimi nataka ajue ni mimi."

Alitakiwa kuishia hapo. Nilimwona anafunga mdomo. Kisha akaufungua.

"Usinifanye dada wa mwanangu. Ataniamkia shikamoo maisha yake yote, na mimi nitaitikia marahaba. Nitamletea zawadi kama mgeni. Akiumwa nitaambiwa ameshapona. Mama, nitazeeka niking'ata shuka."

Mama aliutoa mkoba wake mapajani, akauweka chini taratibu.

"Hayo hakuyasema yeye."

Mwalimu akatazama meza.

"Kiingereza nakielewa kuliko mnavyodhani. Mtoto kasema maneno mawili. Hayo mengine ni ya nani?"

Mwanasheria aliona kuna jambo, akauliza Mama amesemaje. Na sheria ya mkalimani ni kwamba kila kinachosemwa chumbani lazima kigeuzwe. Mwalimu alimgeukia. Mikono yake ilikuwa inashika zipu ya koti, anaipandisha, anaishusha. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile: "Mimi nasema haya maneno hakuyasema binti yangu. Mimi nasema mkalimani ameweka maneno yake mwenyewe. Mimi Kiingereza nakielewa kuliko mnavyodhani."

Mama akasimama. "Mwambie na hili. Akitoka nyumbani kwangu na huyo mtoto, siku nikifa asije kunizika."

Na hilo akaligeuza, neno kwa neno. Siku mimi nikifa asije kunizika. Alikuwa analia na bado anatafsiri.

Hatukurudi pale tena. Mwanasheria alisema wanaweza kutafuta mkalimani mwingine, Mama akasema hana la kusema kwa mkalimani yeyote. Mimi nilibaki na ile nyumba ya akina mama vijana, mwanasheria aliwapigia simu nikaingizwa kwenye foleni. Mama alimtoa Neema darasani. Kwenye jengo maneno hayakai. Watu wakasema Mwalimu anapotosha watoto, anatia maneno kwenye vinywa vyao. Waliomtoa mtoto mmoja wakamtoa wa pili. Kevo peke yake ndiye aliyeendelea kushuka chini kila Jumamosi, kisha naye akapata kazi ya kupanga bidhaa dukani. Kituo cha sheria hakikumwita Mwalimu tena, na baadaye hospitali nazo.

Mimi ndiye niliyepaswa kumtembelea. Sikuenda. Niliona aibu, na aibu ikikaa sana inafanana na dharau.

Leo nilienda. Alifungua mlango na koti lake, na nyumba ilikuwa na joto. Hoki ilikuwa kwenye runinga bila sauti. Amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama.

"Unakula?"

"Nakula, Mwalimu."

Nikamwambia yote. Asubuhi ya leo, neno la mtoto, chumba, kesho kabla ya saa sita. Alimenya chungwa kwa kisu, ganda likatoka moja refu kama kawaida yake, akanipa nusu. Alikuwa hajasema kitu simu yake ilipoita. Akaiweka mezani na spika ikiwa wazi, kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya chungwa.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko?"

Sauti ile ilikuwa ya Mwalimu. Ilikuwa ya mwanamke mzima, ina kikohozi kidogo, lakini ilikuwa yake, hata ile namna ya kusimama kabla ya neno la mwisho. Akasimulia habari za paa lililovuja, na mtoto wake anayefanya mtihani, na kwamba mama yao hajambo, amelala, magoti yanamsumbua. Kisha akauliza, "Na gari, dada?"

"Lipo nje. Theluji imelifunika."

"Pole. Haya dada, tutaongea."

"Haya. Wabusu."

Simu ikakatika. Mwalimu alinawa, akajifuta kwa koti.

"Nilimzaa nikiwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Wakanipeleka shule. Nikasoma. Nilisoma sana, binti yangu, hata huku nimefika kwa kusoma."

"Anajua?"

"Kijiji kizima kinajua. Yeye sijui. Hatujawahi kuulizana." Akatazama wachezaji wanaoteleza bila sauti. "Nikimuuliza na kumbe anajua, basi amejua miaka yote na ameniita dada. Kama hajui, nitamnyang'anya mama. Unaona lipi dogo hapo?"

Nilimuuliza, "Mimi nifanyeje, Mwalimu?"

"Usiniulize mimi. Mara moja tu katika maisha yangu nimesema changu, nikaharibu cha mwenzangu. Umeona mwenyewe."

"Nataka tu uniambie."

Akalizungusha ganda la chungwa mezani. "Mama yako si mtu mbaya. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wangu pia alikuwa mwema. Angekuwa mbaya ningemkimbia."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshafika kwenye korido aliponiita jina langu kamili, kama siku za Jumamosi.

"Abee," nikaitika.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anangoja, au alichokuwa anaogopa, sikuweza kujua, akafunga mlango.

Sasa ni jioni. Mama anamlaza mtoto kwenye chumba cha pili, anamwimbia. Begi langu liko chini ya kitanda.

Jumatatu. Neema alikwenda shule, mimi nikasema tumbo bado linauma. Mama aliingia bafuni kujiandaa kwa kazi, maji yakaanza kumwagika, anaimba wimbo wa kanisani. Nilimvalisha mtoto koti. Viatu vya theluji sikuviona, nikamvalisha vile vya jana vya kanisani. Nilibeba begi begani na yeye kiunoni, nikafungua mlango, nikatoka. Mwanasheria alisema kweli. Haukuwa umefungwa.

Nikabonyeza kitufe cha lifti. Mtoto alicheza na zipu yangu kwanza. Kisha akageuza shingo, akautazama mlango wetu, akauliza, "Mama?"

"Mama yuko hapa," nilimwambia. "Mama ni mimi."

Akanitazama usoni kwa makini, akautazama mlango. "Mama?" Kisha akaanza kulia. Akajikunja mgongo, akanyoosha mikono yote miwili kule nilikotoka, anaita mama, mama, mama, na korido yote inaitika.

Lifti ikafika. Milango ikafunguka, hamna mtu ndani.

"Hodi humu," nikasema.

Hakuna aliyenikaribisha.

Nyuma yangu mlango wetu ulifunguka. Mama alikuwa na taulo, uso una maji, ameona begi. Nilisubiri apige kelele. Nadhani angepiga kelele ningeingia kwenye ile lifti. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mnaenda wapi na baridi hii, mwanangu?" na sikujua anamwambia nani kati yetu. Mtoto akajirusha kwake, na mikono yangu ikamwachia. Lifti ikafunga milango, ikashuka.

"Ingia," Mama akasema. "Chai inapoa."

Alimnyamazisha, akamvua koti, akamweka sakafuni, akavaa sare yake akaenda kazini. Begi hakulitaja. Saa ya jikoni ilikuwa inaelekea saa tatu. Kulikuwa bado na muda wa kutosha kufika Regent Park, hata kwa basi na treni, hata mara mbili.

Nilikaa sakafuni. Mtoto akaja kwa kutambaa, macho bado yana machozi, akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka.

"Dada," akaniita.

Nilinyamaza, nikangoja, kama Mwalimu alivyokuwa akiningoja Jumamosi. Hakuwa na neno jingine. Alisogeza mguu karibu zaidi, mdomo ukaanza kutetemeka.

"Dada."

"Abee," nikasema, nikamfunga kamba.